Kupulizia rangi na klia kwenye tenki na kava za pikipiki nyumbani, Mwanza

Simama kwenye kijiwe chochote cha bodaboda pale Buzuruga au Mabatini, uyatazame matenki yaliyopigwa rangi mtaani. Mengi yameanza kuharibika mahali pamoja: kuzunguka mfuniko wa mafuta. Ubavuni rangi bado inang'aa, lakini pale petroli inapomwagikia wakati wa kujaza, imelainika, imefanya mawimbi, kisha ikabanduka kama ganda la kitunguu na kutu ikaingia chini yake. Wenye pikipiki husema waliuziwa rangi feki. Mara nyingi rangi haikuwa na kosa. Ilikuwa rangi isiyohimili petroli, au klia nzuri (ile rangi angavu ya juu kabisa inayoleta mng'ao) iliyokatwa milimita chache kabla ya mahali ilipotakiwa kuishia.

Kazi hii inawezekana kabisa nyumbani, uani, bila chumba maalumu cha rangi. Inataka siku tatu za kazi, halafu wiki moja ya kusubiri. Anayetaka kumaliza kwa siku moja ni afadhali asianze.

Rangi ipi inahimili petroli

Rangi za kawaida za kopo la kupuliza, pamoja na zile za selulosi zinazochanganywa na thina peke yake, hukauka kwa thina kuruka hewani. Ndani ya rangi hakuna kilichobadilika. Imekuwa ngumu kwa sababu kimiminika kimeondoka tu. Ukikirudisha kimiminika cha namna ileile, inalainika upya, na petroli ni kimiminika cha namna hiyo. Rangi ya mafuta, ile ya mageti na madirisha, hukauka kwa kuvuta oksijeni, huchukua siku nyingi kukomaa, na petroli huitafuna vilevile.

Klia ya hadina, yaani inayochanganywa na dawa ya kuigandisha, ni kitu kingine. Klia na hadina zikikutana, molekuli zake hufungana zenyewe kwa zenyewe, na zikishafungana hazirudi tena kuwa kimiminika, hata ukifuta kwa thina. Kwa hiyo tenki linataka klia ya hadina. Rangi iliyo chini yake inaweza kuwa ya kopo, haina shida, mradi imefunikwa yote. Kava za pembeni na madigadi hazikutani na petroli, zinakutana na jua na matope, hivyo klia ya kopo inaweza kutosha. Lakini kama hadina imeshafunguliwa kwa ajili ya tenki, pulizia vyote kwa pamoja. Jua la Mwanza, nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, halioni huruma kwa klia dhaifu, na rangi nyekundu ndiyo inayopauka mapema.

Yapo makopo ya klia yenye hadina ndani, yenye kitufe chini ambacho hubonyezwa kabla ya kutumia. Ni mazuri kwa asiye na kompresa. Ukishabonyeza, tumia siku hiyohiyo. Kesho kutwa limeshagandia ndani.

Cha kununua

Kwa tenki moja, kava mbili za pembeni na madigadi la mbele, nunua msasa namba 80 karatasi moja, 180 na 320 mbili mbili, 600 tatu, na moja moja ya 1000, 1500 na 2000. Kuanzia 600 kwenda juu chukua msasa wa maji, ule mweusi. Praima ya epoksi (rangi ya msingi inayokaa chini ya nyingine) yenye hadina yake, robo lita inatosha. Rangi iliyo tayari kupuliziwa, mililita 400; za metaliki, zenye chembe za kumetameta, ongeza kidogo kwa sababu hutaka mikono mingi, yaani tabaka nyingi. Klia robo lita na hadina yake. Thina lita mbili, na iwe thina ya rangi za magari. Nyingi itaishia kwenye kuosha vifaa. Tepu ya karatasi mbili, za upana wa sentimita mbili. Usitumie solotepu ya nailoni: thina hupita chini yake na gundi yake hubaki.

Ukitaka rangi ichanganywe ifanane na ya zamani, usipeleke dukani kava iliyopigwa jua miaka minne. Fungua kiti, utazame sehemu ya tenki iliyokuwa imefichwa chini yake. Hiyo ndiyo rangi yenyewe.

Na kama unabadilisha rangi kabisa, kutoka nyekundu kwenda bluu mathalani, kumbuka kadi ya usajili imeandikwa rangi ya chombo. Pita TRA kurekebisha taarifa hizo kabla hujasimamishwa barabarani. Namba ya chesesi usiipige msasa wala usiijaze rangi nene. Izibe kwa tepu.

Kuvua tenki

Mimina petroli yote nje, mbali na jiko la mkaa, pasi, sigara na swichi za umeme. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini kwa chini hadi jikoni bila wewe kuuona. Toa koki, geji ya mafuta kama ipo, na mfuniko. Acha tenki wazi kwenye upepo siku nzima, midomo ikiangalia chini. Kisha ziba matundu ya chini kwa bolti zenye mpira au vizibo vya mbao, si kitambaa, kwa sababu kitambaa hunyonya petroli iliyobaki na kuirudisha kwenye rangi yako.

Tenki linalovuja halipigwi rangi. Pati, ule uji mzito wa kujazia mabonde, haizuii petroli hata siku moja. Na kuchomelea tenki lililokuwa na petroli ni kazi ya fundi anayejua kuliosha na kulijaza maji kwanza. Limewahi kulipuka mikononi mwa watu, hata lililokaa tupu wiki.

Stika za zamani zipashe joto kwa drai ya nywele, au kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, uzivute taratibu kwa pembe. Gundi inayobaki watu hufuta kwa mafuta ya taa. Yanafanya kazi, lakini yanaacha utando wa mafuta usioonekana, na huo utakutana nao baadaye kwenye klia. Ukiyatumia, osha mara mbili kwa sabuni.

Usafi kwanza, msasa baadaye

Watu wengi hupiga msasa halafu ndipo waoshe. Hapo msasa unakuwa umeshayasugua mafuta na kuyaingiza ndani ya mikwaruzo. Osha kwanza: maji ya bomba, sabuni ya vyombo, sponji, tenki zima hadi mshono wa chini ambako grisi na vumbi la njia za Igoma hujificha. Suuza, rudia. Maji ya ziwani yana mwani na tope laini, yasitumike kwa suuza ya mwisho.

Kujua kama ni safi, mwagia maji masafi yatiririke juu ya tenki. Yakitanda kama kioo kimoja, ni safi. Yakijikusanya matone na kukimbia sehemu fulani, pale pana mafuta au polishi. Polishi za kung'arishia matairi na viti zina silikoni, na silikoni ndiyo adui mkubwa kuliko grisi: tone moja huifanya rangi ijitenge na kuacha vishimo vya duara, vinavyofanana na jicho la samaki. Mikono iliyotoka kuparua sato au kukaanga dagaa huleta kasoro hiyohiyo. Vaa glavu tangu hapa.

Sasa pima rangi ya zamani. Chovya kitambaa cheupe kwenye thina, kibane kwenye sehemu iliyojificha kwa nusu dakika, ufute. Kikitoka cheupe, rangi ile ni ya hadina au ya kiwandani, na unaweza kujenga juu yake. Kikitoka na rangi, mtu alishapulizia rangi ya thina tupu hapo. Hiyo ivue yote. Ukipulizia klia ya hadina juu yake, thina iliyomo inaweza kuiamsha rangi hiyo ya zamani na vyote viwili vikakunjamana mbele ya macho yako.

Rangi nzuri ya zamani isugue kwa 320 hadi mng'ao wote upotee. Kila doa linalong'aa ni mahali ambapo rangi mpya haitashika. Penye kutu shuka hadi chuma cheupe kwa brashi ya waya na namba 80, kisha panda 180 na 320, ukilainisha ukingo kati ya chuma na rangi ya zamani hadi kidole kisihisi ngazi. Kipande cha ndala kuukuu kilichokatwa sentimita sita kwa kumi ni kishikio kizuri sana cha msasa: kinapinda kufuata mviringo wa tenki, lakini hakiingii mabondeni kama vidole vinavyoingia. Ukisugua kwa vidole vitupu, klia ikishang'aa utaiona mifereji yao.

Chuma kilichovuliwa kisilale usiku. Hewa ya huku ina unyevu wa ziwa, na kufikia asubuhi chuma cheupe kimeshavaa utando wa rangi ya chai. Ukifika chuma, hakikisha praima inapigwa siku hiyohiyo.

Pati na praima

Bonde dogo jaza kwa pati ya poliesta. Kwa pati ya ukubwa wa yai la kuku, hadina ni ya ukubwa wa punje moja ya harage. Ikizidi, pati itagandia kwenye kibao kabla hujaipaka, na ziada hiyo hupenya baadaye kama doa la manjano katikati ya rangi nyeupe. Ikipungua, pati itabaki kama ubani siku zote. Kwa joto la mchana una dakika kama tano za kupaka. Unene usizidi milimita tatu. Pati isugue kavu, usitumie maji: inanyonya maji kama kitumbua kinavyonyonya mafuta, na maji hayo yatatoka miezi kadhaa baadaye yakiwa malengelenge.

Praima ya epoksi ichanganye kwa kipimo cha kwenye kopo lake, piga mikono miwili miepesi, dakika 20 katikati, uiache hadi kesho. Yapo maduka yatakayokupa praima ya tindikali kwa ajili ya chuma. Ni nzuri, ila usipake pati ya poliesta juu yake, tindikali huizuia pati kukomaa.

Kesho yake, kabla ya kusugua praima, pulizia vumbi jepesi la rangi nyeusi ya kopo kutoka mbali, kama mtu anayenyunyiza chumvi. Kisha sugua kwa 600 na maji yenye tone la sabuni. Palipo juu weusi utatoka, palipo bondeni utabaki, na hutahitaji kubahatisha. Weusi ukiisha kote bila chuma kuonekana, uko tayari. Chuma kikichungulia, pigia hapo praima tena.

Kava za plastiki

Geuza kava utazame nyuma. Mara nyingi imechapwa ABS au PP, ambazo ni aina mbili za plastiki. Kama hamna maandishi, kata kijipande kwa wembe ukitie kwenye glasi ya maji. ABS inazama, PP inaelea. Tofauti hii si ya kupuuza. ABS inashika rangi vizuri baada ya kusuguliwa kwa 600, ila usiioshe kwa thina kali, kwani hufanya nyufa ndogo kama nywele. Futa kwa sabuni na maji tu. PP haishiki kitu chochote mpaka ipigwe praima ya plastiki kwanza, mkono mmoja mwembamba unaoonekana kwa shida, halafu rangi ifuate ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo. Bila hiyo rangi yako itatoka vipande vizima siku madigadi yatakapogongwa na jiwe.

Saa ya kupulizia

Hapa ndipo Mwanza inatofautiana na miji ya bara, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia.

Asubuhi na mapema kuna umande, na chuma bado kina ubaridi wa usiku. Rangi inapokauka, thina inayoruka huupoza uso zaidi, unyevu wa hewa unagandia juu yake, na rangi inageuka nyeupe kama imevaa ukungu. Hili hutokea zaidi kwa rangi za selulosi na wakati wa masika, Machi hadi Mei. Mchana upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, unakuwa mkali kadiri jua linavyopanda, na kiangazi cha Juni hadi Agosti hubeba vumbi lote la barabara. Jioni ni tulivu, inavutia, lakini ukishawasha taa wadudu wanakuja. Na wale wadudu wa ziwani, wanaoinuka majini kama nguzo za moshi, hutoka kwa wingi siku za karibu na mwezi kuandama. Wakitua kwenye klia mbichi hakuna kuwatoa. Kila mmoja anaacha miguu yake.

Kinachobaki ni kuanzia saa 3:30 asubuhi hadi saa 6 mchana. Panga kazi yote iingie humo: rangi saa 3:30, klia kabla ya saa 5:30. Kama usiku uliopita ilinyesha na ukuta bado umelowa, ahirisha.

Pulizia kivulini. Tenki lililoachwa juani linaunguza. Likishindikana kushikwa kwa kiganja, thina itachemka ndani ya klia na kuacha vitundu kama vya sindano. Uani, funga kamba, ning'iniza chandarua kilichokwisha kutumika kitandani kikafuliwa, kiwe kibanda. Hewa inapita, mivuke inatoka, wadudu wanabaki nje. Upande upepo unakotoka weka turubai. Mwagia ardhi maji nusu saa kabla ili vumbi lilale, na nguo zako ziwe za pamba, zimekung'utwa. Sweta la sufi ni kiwanda cha vinyweleo.

Tenki lisikae mezani. Lishindilie juu ya mti uliopita chini yake, au lining'inize kwa waya kupitia tundu la bolti ya nyuma, ili uweze kufika chini na pembeni bila kuligusa.

Kupiga rangi

Kama unatumia kopo, litikise dakika mbili nzima tangu gololi ianze kusikika, na kama asubuhi ni ya baridi liweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, kamwe si ya moto. Umbali sentimita 20 hadi 25. Anza kubonyeza ukiwa nje ya tenki, pita kwa mwendo mmoja, achia ukishatoka upande wa pili. Anayebonyeza akiwa juu ya tenki huacha tone la mwanzo palepale.

Kwa spreigani, ile bastola ya kupulizia rangi kwa kompresa, pua ya milimita 1.3 au 1.4, shinikizo karibu bar 2 mlangoni mwa spreigani, umbali sentimita 15 hadi 20, na kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Kompresa ya lita 24 inatosha kwa tenki. Ukiazima kompresa kwa fundi pancha, kwanza fungua bomba la chini maji yatoke, halafu ipulize kwenye kioo kikavu kwa nusu dakika. Ukiona vitone, ni maji au mafuta, na usiitumie bila kichujio.

Kabla ya mkono wa kwanza futa kwa vitambaa viwili: kimoja chenye maji ya kufutia paneli (dawa ya kuondoa mafuta, si maji ya bomba), kingine kikavu kinachofuata nyuma yake papo hapo, kabla dawa haijakauka yenyewe. Ukiiacha ikauke, uchafu unarudi ulipokuwa.

Mkono wa kwanza uwe mwepesi sana, praima ionekane bado. Wengi hushindwa kujizuia hapa, wanataka tenki liwe jekundu sasa hivi. Subiri dakika kumi, mkono wa pili, dakika kumi, wa tatu. Anza na maeneo magumu, chini ya shingo na mikunjo ya magoti, umalizie juu. Rangi ya metaliki mkono wa mwisho piga kutoka mbali kidogo na shinikizo likiwa dogo, ili chembe zake zilale sawasawa. Ukiloweka, zinajikusanya na kuacha mawingu.

Stika mpya zinabandikwa hapa, rangi ikishakauka, zishinikizwe kingo zake kwa ukucha uliofunikwa kitambaa.

Klia, na mapafu yako

Hadina ya klia ina isosianati. Hiki ni kitu kinachoweza kukuletea pumu ya kudumu, na mtu akishapata mzio wake, hata kiasi kidogo sana baadaye kinamziba pumzi. Hakina harufu ya kukuonya. Maski ya kitambaa au ya vumbi haisaidii kitu. Mafundi wa viwandani hutumia maski inayoletewa hewa safi kwa bomba. Nyumbani, usipulizie klia ya hadina ndani ya chumba au gereji iliyofungwa hata kwa dakika moja: iwe nje, upepo mgongoni kwako, na maski ya mpira yenye vichujio vya mvuke na vya chembe, vipya, iliyokaza usoni. Ndevu huiachia nafasi. Miwani iliyoziba, glavu, mikono mirefu. Watoto, kuku na nguo za jirani viondoke upande upepo unakoelekea, na wasirudi hadi saa moja baadaye. Mwenye pumu asifanye kazi hii, ampe mwingine.

Vipimo havikadiriwi kwa jicho. Klia nyingi ni mbili kwa moja: mililita 120 za klia, 60 za hadina, na thina 10 hadi 18 kwa jumla. Nyingine ni nne kwa moja, soma kopo. Bomba la sindano la mililita 20 la duka la dawa linapima vizuri, ila mpira wake huvimba kwenye thina, hivyo nunua matatu, moja kwa kila kitu, na usichanganye. Hadina ikizidi, klia haiwi ngumu zaidi kama watu wanavyodhani. Inakuwa rahisi kuvunjika, inapasuka. Ikipungua, inabaki laini na petroli itaipata. Koroga dakika mbili, chuja, uimalize ndani ya saa moja. Kopo la hadina lifunge papo hapo, kwa sababu inakunywa unyevu wa hewa. Ukilifungua mwezi ujao ukaikuta nzito au imefanya ukungu, imeharibika.

Rangi ikishakuwa kavu na isiyong'aa, kama dakika 30, piga mkono wa kwanza wa klia mwembamba, hasa juu ya rangi ya kopo na stika. Dakika 10 hadi 15 baadaye gusa tepu, si tenki. Ikinata bila kuvuta nyuzi, piga mkono wa pili, huu uwe umelowa. Simama mahali unapoweza kuona mwanga wa anga ukijiakisi juu ya tenki: mwendo wako uamuliwe na kile kioo, kinavyofunga nyuma ya spreigani. Kisipofunga unakwenda haraka. Kikianza kuvimba ukingoni umechelewa. Wa tatu ni wa hiari, na unafaa kwa atakayeng'arisha.

Sasa shingo ya tenki. Wengi huziba mdomo kwa tepu iliyolingana na ukingo wa nje, wakapiga praima, rangi na klia, vyote vikaishia kwenye mstari mmoja. Tepu ikitolewa, unabaki ukuta mdogo wenye tabaka tatu zilizo wazi, na petroli inaingia kwa ubavu, chini ya klia, moja kwa moja kwenye rangi. Fanya hivi: sugua shingo kwa 320 hadi pale mpira wa mfuniko unapokaa. Ziba tundu kwa ndani, si kwa ukingo. Praima iende ndani kabisa. Kwa ajili ya rangi, bandika tepu nyembamba inayoacha milimita tatu za praima wazi. Ibandue hiyo kabla ya klia, ili klia ipite juu ya ukingo wa rangi na kushika praima, iishie chini ya mpira wa mfuniko. Hapo petroli haikuti mlango. Toa tepu za mwisho klia ikiwa bado laini kidogo, dakika 20 hivi, ukivuta kwa pembe kali.

Yakiharibika

Uso wenye vijishimo kama ganda la chungwa unatokana na kupulizia kutoka mbali, klia nzito, au chuma chenye moto. Michirizi inatokana na papara. Vyote viwili usiviguse vikiwa vibichi. Subiri siku mbili au tatu, sugua kwa 1000 yenye maji juu ya kishikio kigumu hadi michirizi ilale, kisha 1500, 2000, na kompaundi ya kung'arishia kwa kitambaa cha pamba. Kingo na mikunjo acha, klia ni nyembamba pale na msasa hufika rangi mara moja.

Vishimo vya jicho la samaki vikitokea kwenye mkono wa kwanza, usivizamishe kwa klia nyingi, vitafunguka tena. Simama, acha ikauke, sugua, osha upya. Ukungu mweupe kwenye rangi ya kopo mara nyingine huondoka kwa mkono mwepesi wa rangi hiyohiyo hewa ikishakauka. Kukunjamana hakuna dawa: vua hadi chini.

Fremu hutaka praima ya epoksi na rangi ya hadina, na ziba nyuzi za bolti, vikombe vya beringi na pale waya wa hasi unapofungwa, la sivyo taa zitakusumbua. Ekzosi ni rangi ya joto ya nyuzi 600, juu ya chuma kitupu, bila praima wala klia; kisha washa injini dakika kumi, ipoe, dakika ishirini, ipoe. Ndani ya dramu za breki rangi isiingie.

Kurudisha

Kesho yake tenki linashikika, lakini klia bado inafungana ndani. Lifunge siku ya tatu ukipenda, kwa mpira mpya chini ya mikono yake ili fremu isilisugue. Petroli isubiri siku saba. Mpira wa mfuniko uliokakamaa ubadilishe, na kidogo hiki huokoa kazi yote. Hakikisha tundu la hewa la mfuniko halikuziba rangi, maana likiziba pikipiki itazima njiani kama imeishiwa mafuta. Baadhi ya matenki yana kijitundu kingine pembeni mwa shingo kinachotoa maji na petroli iliyomwagika. Pitisha waya mwembamba uone mwanga upande wa pili. Kisipopitisha, petroli itatuama palepale kuzunguka shingo kila unapojaza. Na ukifika kituo cha mafuta, mwambie muhudumu aishie kidole kimoja chini ya mdomo. Ikimwagika, futa kwa kitambaa chenye maji kabla hujawasha.